"Protini Unapata Wapi?": Swali Linaloulizwa Upande Mmoja

Katika Siku ya Afya na Lishe ya Mtaa ya robo hii, hapa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alitueleza kwamba hali nyama, samaki, maziwa wala mayai. Hajamaliza, baba mmoja mtu mzima akamdaka: "Sasa protini unapata wapi, mwanangu?" Watu wakacheka. Kijana akajibu bila kubabaika: mbaazi, kunde, choroko, karanga, ufuta.

Zamu ya yule baba ilipofika, presha yake ilisoma 168 kwa 102, yaani iko juu (naitaja kwa ridhaa yake). Nikamuuliza jana alikula mboga gani. Akafikiri kidogo. "Kachumbari," akasema, "ile ya kwenye mishkaki." Hapo hakuna aliyecheka.

Malalamiko ya namna hii yanazidi kutufikia, kutoka kwa Wasabato, Wahindu, marasta, na siku hizi mabinti walioacha nyama kwa hiari yao. Wanahojiwa nyumbani, kazini, na hata mbele ya wataalamu. Nami simo nje ya lawama. Karatasi ya ushauri niliyoiandaa mwenyewe ilikuwa na kisanduku cha "hali nyama" chini ya vihatarishi. Cha "hali mboga" hakikuwepo. Tumefika mahali asiyekula nyama anatakiwa aijue lishe kama daktari, na anayekula nyama inamtosha kujua bei ya kilo.

Protini tuimalize leo. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 48 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, na bado hujahesabu ugali, karanga wala mbaazi za asubuhi. Anayekula mikunde kila siku na kushiba hana shida hapo. Naomba swali hili lipumzishwe.

La kumuuliza kijana yule ni vitamini B12. Hiyo haipatikani kwa uhakika kwenye mimea, na mwani, hata huu wa Mkinga, si chanzo cha kutegemea, msidanganyane. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kidogo mno, lakini upungufu wake huja kimyakimya. Ini huweka akiba ya miaka, kisha ganzi ya mikono na miguu huanza mtu akiwa ameshasahau lini aliacha nyama. Atumie vidonge au chakula kilichoongezwa B12. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasianze mlo huu bila kumwona mtoa huduma za afya.

Na la kumuuliza mla nyama? Makapimlo, yaani nyuzinyuzi za vyakula vya mimea. Nyama, samaki, mayai na maziwa hayana hata chembe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Machungwa ya Muheza yamerundikwa kando ya barabara, nasi tunapita nayo kwenda kununua soda. Halafu kuna soseji: mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilohilo uliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la visababishi vya saratani. Sijawahi kusikia mtu akiulizwa habari hiyo mezani.

Chai ya rangi juu ya chakula inawahusu wote. Huzuia madini chuma kufyonzwa, hasa ya kwenye mimea. Kamulia ndimu kwenye kunde au mchicha, chai isubiri saa moja.

Kuhusu vidonge na unga wa protini vinavyouzwa mkononi, fuateni utaratibu. Kabla ya kulipa, soma lebo: jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kimoja kikikosekana, usinunue. Dai risiti na uitunze pamoja na kopo, usitupe kopo. Ukiwa na mashaka, toa taarifa kwa afisa afya wa kata au ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Kuuza chakula kisichokidhi viwango ni kosa, na kukinadi kuwa kinatibu ugonjwa ni kosa pia. Bidhaa huzuiliwa, huweza kuteketezwa kwa gharama za mwenye mali, na mhusika huweza kufikishwa mahakamani. "Sikujua" si utetezi, ingawa neno hilo tunaambiwa karibu kila ukaguzi.

Karatasi nimeiandika upya. Robo ijayo kila atakayekaa mezani kwetu, ale nyama asile, ataulizwa yaleyale: B12 anaitoa wapi, chumvi kiasi gani, jana alikula mboga gani. Ukijibu kachumbari, utaulizwa vijiko vingapi.