Je, wajua kwa nini dawa ya kuchua hupoza ngozi ilhali goti bado linauma?

Ukipaka krimu yenye mentholi kwenye goti, ndani ya dakika chache utahisi baridi kana kwamba umewekewa barafu. Goti lenyewe halijapoa kiasi hicho. Mentholi imefungua kipokezi kiitwacho TRPM8 kwenye ncha za neva za ngozi, ambacho kwa kawaida hufunguka joto la ngozi linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Neva hupeleka taarifa ya baridi, na ubongo huiamini. Pilipili nayo hufanya hivyo kwa upande wa joto: kapsaisini, ambayo ndiyo ukali wake, hufungua kipokezi cha TRPV1 ambacho husubiri joto la nyuzi 43 hivi, na ngozi ikahisi kuungua bila moto wowote. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakatunukiwa Nobeli kwa kazi yao juu ya hisia za joto na mguso.

Mnunuzi wa dawa hizi anapaswa kulijua hili, kwa sababu wengi hupima nguvu ya krimu kwa jinsi inavyowasha au kupoza. Ukali unaouhisi unatokana na kilichofika kwenye ngozi. Kuhusu kilichofika kwenye kiungo, hausemi lolote.

Hata hivyo ahueni yake ni ya kweli. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango: taarifa za mguso zikimiminika kwa wingi, zile za maumivu hubanwa zisipite zote. Ndiyo maana mtu akijigonga kiwiko hukisugua papo hapo. Mentholi, kafuri na mkono unaochua husaidia kwa njia inayofanana na hiyo, kwa saa chache. Uvimbe ulioko ndani haujaguswa.

Kwa hiyo usiishie kusoma upande wa mbele wa boksi, ambako utakuta maneno kama "hupenya ndani" na "nguvu zaidi". Geuza nyuma utafute kiambato tendaji, yaani kile kinachofanya kazi, na asilimia yake. Kwa dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, kanuni za Marekani huruhusu mentholi hadi asilimia 16, kafuri kuanzia 3 hadi 11, na methili salisileti kuanzia 10 hadi 60. Ukiona glukosamini, shubiri au anika (ua la arnica) imeandikwa kwa herufi kubwa mbele, kisha nyuma imo katika orodha ya viambato visivyo tendaji, jua unalipia jina. Tatizo hilo ni la kawaida sana, na ndilo huwafanya watu wanunue mentholi ileile kwa bei ya juu.

Methili salisileti ndiyo yenye ile harufu kali ya dawa za kuchua. Ni ndugu wa aspirini, na watu hudhani inapunguza uvimbe kama aspirini ya kumeza. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2014 kuhusu krimu za salisileti hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuziunga mkono, si kwa misuli iliyovutika wala kwa viungo vinavyouma kwa miaka. Hatari yake, kinyume chake, inajulikana vizuri. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake yasiyochanganywa kina salisileti sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini vya miligramu 325, kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo. Kafuri nayo ikimezwa huweza kumletea mtoto degedege. Dawa hizi zina harufu inayomvutia mtoto, kwa hiyo mahali pake ni juu, pasipofikika. Anayetumia warfarini kuzuia damu isigande asipake methili salisileti kabla ya kumuuliza daktari, maana hupita kwenye ngozi na kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Dawa ambayo kweli hupita kwenye ngozi ikafanya kazi pale penye uvimbe ni jeli ya diklofenaki, na iko katika kundi moja na ibuprofeni. Huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na kuzifanya neva ziwe nyepesi kuuma. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya kile ambacho kingeingia kwa kumeza, hivyo tumbo na figo huathirika kidogo kuliko kwa vidonge. Huko Marekani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti mwaka 2020. Usibabaishwe na namba: jeli iliyoandikwa asilimia 1.16 ya diklofenaki diethilamini ina nguvu sawa na ile ya asilimia 1 ya diklofenaki sodiamu. Tofauti ni chumvi iliyotumika kuitengeneza. Ile ya asilimia 2.32 ndiyo yenye nguvu maradufu, na hupakwa mara mbili kwa siku.

Watu wengi wanaosema jeli hii haifanyi kazi wamepaka kidogo mno. Maelekezo ya jeli ya asilimia 1 ni gramu 4 kwa goti, kifundo cha mguu au unyayo, na gramu 2 kwa kiwiko, kifundo cha mkono au kiganja, mara 4 kwa siku. Sasa kamulia jeli juu ya kidole chako cha shahada, mstari mmoja kutoka nchani hadi kwenye kunjo la kwanza: hiyo ni takriban nusu gramu. Goti moja linahitaji mistari 8 ya namna hiyo kila mara! Kwa siku ni gramu 16, na tyubu ya gramu 100 huisha ndani ya siku 6. Mtu aliyekaa na tyubu ya gramu 50 kwa miezi miwili alikuwa anajipaka harufu. Jumla ya mwili mzima isizidi gramu 32 kwa siku.

Ipake kuzunguka goti lote, mbele, pembeni na nyuma. Subiri dakika 10 kabla ya kuvaa nguo, na saa nzima kabla ya kuoga. Usifunge bendeji juu yake. Kwa maumivu ya muda mrefu ipe hadi siku 7 kabla ya kuihukumu, na usivuke siku 21 bila kumwona daktari.

Inasaidia kiasi gani? Inategemea kinachouma. Kwa kuteguka na kuvutika misuli, matokeo ni mazuri kweli: katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, karibu watu 8 kati ya 10 waliopaka aina moja ya jeli hii walipata nafuu kubwa, dhidi ya 2 kati ya 10 waliopaka isiyo na dawa. Kwa gegedu lililosagika, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, mapitio ya mwaka 2016 yalionyesha watu 6 kati ya 10 dhidi ya 5 kati ya 10. Pengo ni dogo, lakini kwa mzee ambaye tumbo lake halivumilii vidonge, ningeanza na jeli. Iwe kwa goti au vidole, maana viungo hivyo viko karibu na ngozi. Nyonga imezama chini ya misuli minene, na jeli haiifikii.

Usichanganye diklofenaki ya kupaka na vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki bila ushauri. Mjamzito aliyefikisha wiki 20 na mwenye pumu inayochochewa na aspirini waiepuke. Ketoprofeni ya kupaka ina shida nyingine: jua likipiga mahali palipopakwa, ngozi inaweza kuungua vibaya, hata siku kadhaa baada ya kuacha.

Kapsaisini ya asilimia 0.025 au 0.075 inadai subira. Siku za mwanzo huwasha, kisha neva zikiendelea kuchokozwa huchoka na kupunguza taarifa za maumivu. Hilo huchukua wiki 2 hadi 4 za kupaka mara 3 au 4 kila siku. Anayepaka leo na kuruka kesho hupata muwasho peke yake, kwani neva hurudi zilivyokuwa. Maji matupu hayaitoi mikononi: jipake mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Ikiwa vidole ndivyo vinavyotibiwa, subiri dakika 30 kabla ya kunawa, na usiguse macho.

Lidokaini ya asilimia 4 hutia ganzi ngozi na vilivyo chini yake kidogo. Kwa goti haina la maana.

Kosa baya kuliko yote ni kuongeza joto. Mwaka 2012 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu watu walioungua kwa krimu za kuchua, wengine hadi malengelenge ndani ya saa 24. Wengi walitumia zenye mentholi zaidi ya asilimia 3 au methili salisileti zaidi ya asilimia 10. Chupa ya maji ya moto au bendeji ya kubana juu ya krimu huongeza hatari hiyo. Ngozi ikianza kuuma badala ya kuwasha tu, osha mara moja.

Na goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, kwa mtu mwenye homa, si la kupakwa chochote. Huenda kuna maambukizi ndani ya kiungo, ambayo huweza kuliharibu gegedu ndani ya siku chache. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.