Kuachishwa kazi si lazima umefukuzwa

Wengi wakisikia fulani ameachishwa kazi, swali la kwanza huwa, "Kwani alifanya nini?" Huenda hakufanya lolote. Kuachishwa ni neno pana: mwajiri ndiye aliyeukatisha mkataba, basi. Sababu inaweza kuwa utovu wa nidhamu, lakini pia kiwanda kufungwa, mashine kuchukua nafasi za watu au kampuni kubana matumizi. Kufukuzwa ndiko kunakobeba lawama, na kumpachika mtu lawama isiyo yake ni kumharibia anapotafuta kazi nyingine.

Tofauti hii ina pesa ndani yake. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja na kuwalipa ujira usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Tanzania nako, aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo ambacho mwenzake aliyepunguzwa anakipata. Kwa hiyo ukipewa barua, usiishie kwenye kichwa chake. Tafuta mstari unaotaja sababu.

Kusimamishwa ni jambo jingine kabisa: ajira bado ipo, uchunguzi unaendelea, na mtu anaweza kurudi kwenye meza yake.

Mtaani tunasema amemwaga unga, au kwa Wakenya, amepigwa kalamu. Misemo hiyo inatuambia tu kwamba kazi imekwisha. Kosa ni la nani, haisemi.