La Paz na begi mgongoni: dhana potofu na ukweli

Ndege ya La Paz, Bolivia, haishuki bondeni liliko jiji. Inatua El Alto, mita 4,061 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro (mita 3,720). Anayepanda kwa njia ya Marangu hufika Horombo akiwa ameshalala Mandara. Mgeni wa La Paz huenda ametoka Santa Cruz, kwenye mita 400 hivi, asubuhi hiyo hiyo.

“Nina mazoezi, mwinuko hautanisumbua.”
Mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Oksijeni ya La Paz ni asilimia 21 ile ile ya Mombasa. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa. Katikati ya jiji, kwenye mita 3,640 hivi, ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Mwili hujirekebisha kwa siku kadhaa, na haujali una nguvu kiasi gani. Tena mwenye mazoezi ndiye hujiponza, maana hupandisha vichochoro na kilo 15 mgongoni siku ya kwanza. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika-katika huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kufika, mara nyingi usiku. Kujisikia vizuri pale uwanjani hakumaanishi umepona hatari.

Cha kupanga ni mahali pa kulala. Pitia Cochabamba (mita 2,560) au Sucre (mita 2,800) kwa basi, ulale huko siku mbili tatu, ndipo upande La Paz. Ukilazimika kuruka moja kwa moja, tafuta chumba Zona Sur, ambako ni chini ya katikati ya jiji kwa mita 300 na ushei, wala usilale El Alto. Siku mbili za kwanza tembea tambarare, kula kidogo kidogo, pombe iache. Ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja. Ndiyo maana safari ya siku mbili ya kupanda mlima Huayna Potosí (mita 6,088) haifai kwa aliyeshuka ndege juzi, hata muuzaji akisema ni mlima rahisi.

“Kebo hainichoshi, kwa hiyo sijapanda.”
Magari ya kebo ya Mi Teleférico, yaliyoanza 2014, yanakupandisha mita 400 hivi hadi El Alto kwa dakika kumi. Mwili unahesabu kimo, si jasho. Kwenda kuona soko na kurudi ni sawa. Kulala huko ni jambo jingine.

“Chai ya koka inatosha.”
Chai ya majani ya koka, mmea unaotolewa kokeini, ni halali Bolivia na inachangamsha kidogo, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba inazuia ugonjwa. Vidonge vya Sorojchi vinavyouzwa madukani vina aspirini na kafeini: vinapunguza maumivu ya kichwa, havizoeshi mwili. Yenye ushahidi ni asetazolamidi, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi siku mbili baada ya kufika. Itakukojoza na kukutia ganzi vidoleni. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Koka yenyewe usirudi nayo hata pakiti moja ya chai: nchi nyingi huihesabu dawa ya kulevya, na anayeinywa anaweza kukutwa na dalili za kokeini kwenye kipimo cha mkojo.

“Nikizidiwa nitashuka Coroico.”
Coroico iko chini kweli, kama mita 1,700, lakini barabara yake kwanza inapanda hadi La Cumbre, zaidi ya mita 4,600. Uwanja wa ndege nao uko juu. Mteremko usio na mlima mbele yake ni wa kusini, kupitia Zona Sur kuelekea Mecapaca. Kujua kama hali ni ya hatari, mwambie mgonjwa atembee mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema hata akiwa ameketi huku anakohoa, usitafute basi: apelekwe hospitali yenye oksijeni sasa hivi.

Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wana lao. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asiende bila idhini ya daktari. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo, mzima wa siku zote, anaweza kuharibikiwa bandama kwenye mwinuko. Maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, si gesi.

“Maji yakichemkia nyuzi 88 hayaui vijidudu.”
La Paz maji huchemka mapema kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo, lakini yanaua. Yaache yatokote dakika tatu. Yatakayokushinda ni maharage: bila sufuria ya presha utakesha jikoni mwa hosteli. Nunua dengu au tambi nyembamba.

“Juu kule hakuna mbu, kadi ya manjano ya nini?”
Virusi vya homa ya manjano havisambai La Paz, lakini Bolivia inadai cheti kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwamo. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi.