Parokia ya Quebec: zaidi ya kanisa

Ukisikia neno parokia, unafikiria kanisa, paroko na vigango. Katika vijiji vya Quebec, Kanada, neno hilo lilibeba mengi zaidi: mpaka wa ardhi, kitabu cha kuandikia waliozaliwa na waliokufa, na tangu 1855 hata serikali ya mtaa.

Tazama Île d'Orléans, kisiwa kilicho katikati ya mto Saint-Laurent, jirani na jiji la Québec. Parokia yake ya kwanza, Sainte-Famille, ni ya 1661. Nne zilifuata 1679, ya sita, Sainte-Pétronille, 1870. Kuzielewa, anza na mashamba. Wafaransa walipima kwa arpenti, takriban mita 58.5. Shamba la kawaida lilikuwa na upana wa arpenti 3 ukingoni mwa mto na urefu wa 30 au 40 kwenda bara. La 3 kwa 30 ni kama hekta 31. Jembamba hivyo kwa sababu kila familia ilihitaji kugusa maji: mto ndio uliokuwa barabara, kwa mtumbwi wakati wa joto, kwa sleji, chombo cha kuteleza kisicho na magurudumu, juu ya barafu wakati wa baridi. Nyumba zikajipanga mstari mmoja, jirani akisikia mbwa wa jirani. Kwingineko, safu ya mtoni ikijaa, ilifunguliwa ya pili nyuma yake. Kisiwani mashamba ya kaskazini na kusini hukutana kisogo kwa kisogo katikati.

Kasoro ilikuja na urithi. Kila mtoto alitaka kipande cha mto, basi shamba lilipasuliwa kwa urefu mpaka likabaki utepe. Mwaka 1745 mfalme wa Ufaransa alikataza kujenga nyumba kwenye shamba lisilofikia upana wa arpenti moja na nusu.

Zaka aliyolipwa paroko ilikuwa sehemu moja ya 26 ya nafaka. Viazi na majani ya mifugo havikuhesabiwa, kwa hiyo wakulima walipopunguza ngano, paroko aliumia.

Kwa anayetafuta mababu: rejista za waliozaliwa na waliokufa ziliandikwa nakala mbili, moja ikabaki kanisani, nyingine ikapelekwa mahakamani; kanisa likiungua, tafuta ya pili. Angalia pia jina: mara nyingi kijiji kilijitenga na parokia inayokizunguka na vyote viwili vikabaki na jina lilelile, kila kimoja na baraza lake. Na ikiwa unamtafuta babu wa zamani wa Sainte-Pétronille aliyebatizwa kabla ya 1870, fungua kwanza vitabu vya Saint-Pierre, parokia mama.