Klarineti ukumbini: tunayoyadhani na yalivyo

Muziki wa chemba si okestra iliyopungukiwa na watu. Umeandikwa kwa wapigaji wachache, wawili hadi wanane au tisa, na kila mmoja ana sehemu yake isiyopigwa na mwingine. Ukumbi ni mdogo, hadhira iko karibu, na ukaribu huo humfanya msikilizaji aone mengi kisha ayatafsiri anavyojua mwenyewe. Klarineti, ala ya kupulizwa yenye umbo la bomba, ndiyo hutafsiriwa vibaya zaidi.

"Kwinteti ya klarineti ni klarineti tano"

Kwinteti ni kazi ya wapigaji watano, lakini klarineti ni moja tu. Wengine wanne ni wa nyuzi: fidla mbili, viola iliyo kubwa kuliko fidla, na chelo iliyo kubwa zaidi. Mtunzi Mozart aliandika yake mwaka 1789 kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler, mpiga klarineti. Mtunzi Brahms aliandika yake mwaka 1891 baada ya kumsikia mpiga klarineti Richard Mühlfeld wa okestra ya Meiningen, Ujerumani, ilhali alikuwa ameshaanza kusema kwamba ameweka kalamu chini.

Kosa linalofuata ni kungoja klarineti iimbe huku wenzake wakiisindikiza. Kwa Brahms, mara nyingi sauti yake huzama katikati ya nyuzi, inasikika bila kujitenga. Kwa Mozart kuna kipande kizima ndani ya minueti, sehemu yenye mwendo wa dansi, ambamo nyuzi zinapiga peke yake. Mpulizaji ametulia kwenye kiti, ala iko mapajani, na hajapotea popote. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Hakuna wa kuwaongoza, kwa hiyo wanabahatisha"

Kaa safu ya mbele usikilize pumzi. Kabla ya noti ya kwanza mmoja wao huvuta hewa, au huinua upinde kidogo, na wote huingia kwenye mwendo wa ishara hiyo. Uongozi huhama: sasa fidla, baadaye chelo, kisha klarineti. Mpiga fidla angeweza kuendelea bila kupumua, lakini mwenzake hawezi, hivyo nyuzi hujifunza kumwachia nafasi mwishoni mwa sentensi ya muziki. Mambo hayo hukubaliwa mazoezini, tena kwa mabishano.

"Amebadilisha ala kwa sababu ya kwanza imeharibika"

Wapulizaji wengi huja na klarineti mbili, ya B-flati na ya A, zilizopewa majina ya noti. Ya A ni ndefu kidogo na sauti yake iko chini kwa nusu toni. Mtunzi ndiye anayechagua: kwinteti zote mbili nilizozitaja zinataka ya A, ilhali sonata mbili za Brahms za klarineti na piano, za mwaka 1894, zinataka ya B-flati. Ukimwona akipuliza hewa ndani ya ala bila kutoa sauti, anaipasha moto, maana klarineti baridi hushuka chini ya sauti ya wenzake.

Na yale maji anayoyafuta kwa kitambaa kati ya kipande na kipande? Watu hukunja uso wakidhani ni mate. Kwa sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi ya moto uliogeuka matone baada ya kukutana na mbao za baridi. Tone likiingia chini ya kibonyezo, noti hugugumia. Ndiyo maana wengine huweka karatasi ya sigara mfukoni, nayo ni ya kunyonya maji hayo tu.

"Utamu wa sauti unatoka kwenye mbao"

Dhana hii ina mizizi mirefu kuliko zote, na wauzaji hawana haraka ya kuing'oa. Klarineti bora hutengenezwa kwa mpingo, mti unaokua Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine za Afrika. Lakini kinacholia ni hewa iliyo ndani ya tundu. Kuta hazitikisiki kama ubao wa fidla unavyotikisika. Mpingo unapendwa kwa sababu ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake ya asili, na ukichongwa kwa vipimo vya hali ya juu haubadiliki ovyo. Hata hivyo nao hupasuka.

Sauti huamuliwa na umbo la tundu, kipande cha mdomoni, ulimi wa tete na mdomo wa mpulizaji mwenyewe. Ulimi ni mmoja, tofauti na zumari lenye ndimi mbili, na hukatwa kutoka tete aina ya *Arundo donax*, ambalo hulimwa sana kusini mwa Ufaransa. Tundu lina upana karibu uleule kwa urefu wake mwingi, na upande wa ulimi ni kama limezibwa. Kwa hiyo mpulizaji akibonyeza kibonyezo cha kupandia, sauti hairuki oktava moja, yaani hadi noti ya nane, kama ya filimbi. Huruka hadi noti ya kumi na mbili. Hapo ndipo unapodhani umesikia ala mbili tofauti.

"Chelo ilikuwa na nyuzi tatu"

Hili hurudiwa kila inapopigwa kwarteti, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya mtunzi Mfaransa Messiaen ya klarineti, fidla, chelo na piano. Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941 katika kambi ya wafungwa wa vita ya Stalag VIII-A, Görlitz, Henri Akoka akiwa kwenye klarineti. Messiaen alisimulia habari za chelo yenye nyuzi tatu badala ya nne, na wasikilizaji 5,000. Mpiga chelo, Étienne Pasquier, alisema nyuzi zilikuwa nne, na banda lile lilitosha mamia ya watu tu. Kazi yenyewe haihitaji chumvi hiyo. Sehemu yake ya tatu ni ya klarineti peke yake, na ina noti zinazoanzia kwenye ukimya na kupanda hadi kujaza ukumbi. Anayedhani kupuliza kwa sauti ya chini ni kupumzika ajaribu hapo.

"Anayepiga makofi katikati hajastaarabika"

Kunyamaza kati ya sehemu na sehemu ni desturi iliyokuja baadaye. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kwamba watu wa Paris walipiga makofi sinfonia yake, kazi ya okestra, ikiwa bado inaendelea, naye akafurahi hadi akaenda kula aiskrimu. Siku hizi wengi husubiri mwisho, na kufuata wenyeji wa ukumbi hakuna gharama. Lakini jirani akiponyokwa na makofi, usimgeukie kwa jicho kali.