Manoj Kumar alipokuwa hayumo kwenye picha

Picha za Kihindi zina wenyewe hapa Malindi, na wenyewe hao hawasahau. Manoj Kumar, stelingi na mwelekezi wa sinema ya Kihindi, alipofariki Mumbai tarehe 4 Aprili 2025, akiwa na miaka 87, simu yangu ilijaa nyimbo zake kabla ya adhuhuri. Shangazi zangu waliziweka kwenye stetasi za WhatsApp, wengine wakazirudia usiku. Barazani kwetu Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu) mazungumzo ya siasa yalipumzishwa, na mzee mmoja alichofanya ni kuuinua mkono tu na kuziba nusu ya uso. Hakuna aliyeuliza anamwigiza nani.

Sasa vijana wa mtaa wanataka kuonyesha picha zake hadharani ili kumuenzi, wakaniomba niwachagulie, kwa kuwa mimi kazi yangu ni kuhariri video. Nahariri harusi zaidi, na mara chache filamu fupi za wavuvi au za mashamba. Nilipoanza kuchagua niliona kwamba mapenzi yetu kwake yote yameishia usoni: sura, mkono, suruali, nyimbo. Haki yake kubwa iko kwingine. Mtu huyu alikuwa mwelekezi, na ubora wake wa uelekezi unaonekana zaidi pale anapompisha mtu mwingine mbele ya kamera. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Kwanza yeye mwenyewe, kwa ufupi. Alizaliwa Abbottabad, ambayo leo iko Pakistan, tarehe 24 Julai 1937, akaitwa Harikrishan Goswami. India ilipogawanywa mwaka 1947, familia yake ilihamia Delhi. Jina tunalomjulia alilitoa kwenye sinema: alimpenda Dilip Kumar katika picha ya Shabnam ya 1949, ambamo mhusika wake aliitwa Manoj, akalichukua. Alianza kuonekana mwaka 1957 katika picha iitwayo Fashion, kijana mbichi akiigiza mzee ombaomba. Umaarufu ukaja miaka ya 60 kwa picha za mapenzi na ile ya kutisha, Wo Kaun Thi?, kisha 1965 akaigiza mpigania uhuru Bhagat Singh katika Shaheed. Waziri mkuu wa wakati ule, Lal Bahadur Shastri, alikuwa na kaulimbiu ya kuwaenzi askari na mkulima, akamtaka aitengenezee picha. Ndipo ikatoka Upkar, mwaka 1967, ya kwanza kuelekezwa kwa jina lake. Shastri hakuiona. Alikuwa amefariki Tashkent Januari 1966.

Katika Upkar yeye ndiye stelingi: Bharat, mkulima anayejinyima ili mdogo wake akasome mjini. Mdogo mtu anarudi na suti na dai moja tu, shamba ligawanywe. Niambieni ni nyumba gani kutoka hapa hadi Mambrui haijawahi kusikia dai hilo. Picha hii hatukuhitaji mfasiri kuielewa.

Lakini mtazameni Pran. Kwa wasiomjua, Pran alikuwa adui wa sinema ya Kihindi, yule ambaye akitokea tu mlangoni ukumbi mzima unamlaani. Miaka na miaka aliigiza ubaya hadi watu wakamwogopa mtaani. Manoj Kumar alimchukua huyo huyo akamfanya Malang Chacha, kiguru wa kijiji mwenye maneno makali na moyo safi. Zaidi ya hapo, akampa wimbo wenye uchungu kuliko nyimbo zote za picha ile, Kasme Vaade Pyar Wafa, kwa sauti ya Manna Dey. Wimbo unasema kwamba viapo, ahadi, mapenzi na uaminifu ni maneno tu.

Mnaelewa uzito wa uamuzi huo? Katika picha za Kihindi wimbo mzuri ni mali ya stelingi. Watu wanatoka ukumbini wakiuimba, na kaseti zinauzwa kwa ajili yake. Mwelekezi ambaye ndiye pia stelingi ana kisu na nyama mkononi, na wengi hujikatia mnofu. Huyu aliutoa kwa mtu ambaye watazamaji walikuwa wamezoea kumchukia. Na kwa kuwa walimchukia, kila neno la wimbo linapita mahali penye jeraha: anayetuambia kwamba watu hawaaminiki ni yule tuliyekataa kumwamini. Huo si uigizaji, ni kupanga nani awekwe wapi. Pran mwenyewe, baada ya Upkar, alianza kupewa watu wema wa kuigiza.

Sasa niwaeleze ugumu wa kujielekeza mwenyewe, kwa sababu watu hudhani ni kuvaa kofia mbili tu. Leo nikipiga picha, kando yangu kuna skrini ndogo. Mwigizaji akimaliza naye huja kuchungulia, akisema hakupendeza turudie. Wakati wa Manoj Kumar picha ilikuwa kwenye utepe wa filamu. Ukishapiga, utepe unakwenda maabara kusafishwa, unarudi baadaye, na hapo ndipo unaona kama jicho lilitazama pasipo au kivuli kiliangukia pua. Ukiwa mbele ya kamera huoni unachokifanya, na ukiwa nyuma yake hakuna wa kuigiza. Unabaki kumtegemea mpiga picha wako na kuusoma uso wa kila aliyesimama pale.

Nyimbo zina hesabu yake. Sauti inarekodiwa studio kwanza, kisha inapigwa kwa spika mahali pa kazi, na mwigizaji anafuatisha midomo. Maneno ya kawaida nayo, mara nyingi, yalirekodiwa upya studio, kwani kamera nyingi za wakati ule zilinguruma. Maana yake ni kwamba karibu kila sauti mnayoisikia katika picha hizo imewekwa kwa makusudi. Mlango ukilia, kuna mtu aliamua ulie.

Nimeyasema hayo ili tufike Shor, ya 1972. Jina maana yake kelele. Kama ningeruhusiwa kuonyesha moja tu, ningeonyesha hii, ingawa wazee wa baraza wataipigia kura Upkar. Manoj Kumar ni Shankar, mfanyakazi wa kiwandani. Mkewe anafariki katika ajali akimwokoa mtoto wao, na mtoto anabaki hasemi. Kutafuta pesa za kumpasua mtoto, baba anaendesha baiskeli akizunguka bila kushuka, watu wakitazama na kutoa. Mtoto anatibiwa, sauti inarudi. Na kabla baba hajaisikia anapata ajali kazini, masikio yanaziba.

Kisa hicho kwenye karatasi ni cha kuliza watu, na picha za kuliza watu ni rahisi sana kutengeneza, mimi naishi kwa hizo (niulizeni kuhusu video ya bibi harusi anapoaga). Kilichomwinua hapa ni kwamba kisa kizima ni cha sauti, na kazi ya mwelekezi ni kuamua nani anasikia nini. Mtazamaji anamsikia mtoto. Baba hamsikii. Tumewekwa katikati yao, tukijua anachokitamani baba na tusiweze kumpa. Mwelekezi asiyejiamini angejaza fidla hapo mpaka tuzibe masikio. Picha hii ilihaririwa na Manoj Kumar mwenyewe, na tuzo ya Filmfare ya uhariri alipewa. Mashabiki wake wengi hawaijui tuzo hiyo, na kwangu mimi ndiyo inayoeleza mengi. Aliyekaa chumbani na utepe, mkasi na gundi ndiye aliyekuwa akijitazama usoni siku nzima akijiuliza wapi ajikate. Waulizeni waigizaji wangapi wanaweza.

Humo humo Shor umo wimbo wa Ek Pyar Ka Nagma Hai, wa Lata Mangeshkar na Mukesh, maneno ya Santosh Anand, muziki wa Laxmikant na Pyarelal. Sidhani kuna harusi ya Mambrui au Malindi ambayo mtu wa umri fulani hajauomba. Baba, mama, mtoto, ufuo na mawimbi. Nanda, anayeigiza mke, yumo kwa muda mfupi tu katika picha nzima, lakini kwa wimbo huo mmoja anakaa nasi mpaka mwisho, na kila tabu ya Shankar tunaipima kwa kile alichokuwa nacho pale ufuoni. Tena si yeye Manoj tunayemkumbuka katika wimbo ule. Ni mke na mtoto.

Watu wa pwani tulishikwa na nyimbo kabla ya picha, hilo halina ubishi. Waliokuwa na nauli walizitazama Mombasa, ukumbi wa Naaz, na waliobaki walisubiri kanda za video. Wakati huo huo Juma Bhalo alikuwa akiimba taarabu kwa mahadhi ya Kihindi, kwa hiyo masikio yetu yalikwisha kufunzwa. Ndiyo maana naona kuwaambia watu wa Malindi wasikilize picha si kuwapa kazi mpya.

Sitamsifu kwa kila kitu. Purab Aur Paschim ya 1970 inaanza kwa ustadi, nyeusi na nyeupe India ikiwa chini ya Waingereza, kisha rangi zinaingia pamoja na uhuru. Ukishaona hivyo unamvulia kofia. Halafu inatupeleka London, na Saira Banu anawekwa na sigara na nywele za dhahabu ili tujue amepotea, na Bharat, ndiye Manoj Kumar tena, anahutubu. Anahutubu sana. Binti yangu alitazama nusu akaniuliza kama huyu bwana ni mgombea. Kufikia Clerk, ya 1989, hotuba ilikuwa imeimeza picha, na mimi sitaiweka kwenye orodha hata wazee wakinuna. Ila Roti Kapda Aur Makaan ya 1974 imo. Jina lake ni mkate, nguo na nyumba, na wimbo wake wa kupanda kwa bei za vitu unaweza kupigwa leo sokoni Malindi na mwenye duka akajitetea. Kwa picha hiyo alipata tuzo ya Filmfare ya mwelekezi bora, na tazameni jinsi alivyowapa nafasi Shashi Kapoor, Zeenat Aman na Amitabh Bachchan, ambaye jina lake lilikuwa ndiyo kwanza linapanda.

Na Kranti, ya 1981. Hapa kijana aliyeazima jina kutoka kwa Dilip Kumar anamwelekeza Dilip Kumar. Unamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba hakusema vizuri, arudie? Alichokifanya ni kumjengea picha: uzito wa kisa umewekwa juu ya mabega ya mkubwa, na Manoj Kumar, mwenye fedha na mwenye kamera, akajiweka miongoni mwa wanaomfuata. Serikali ya India ilimpa Padma Shri mwaka 1992 na baadaye tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo kubwa kuliko zote za sinema kule, na alichomwa kwa heshima za kitaifa siku moja baada ya kufariki. Nadhani hata hayo yote hayakumfurahisha kuliko siku ya kwanza Dilip Kumar alipokubali kuja kazini.

Basi, vijana, mpangilio wangu ni huu. Anzeni na Upkar, maana ndiyo itakayowatoa wazee majumbani, na msikubali nakala iliyokatwa wimbo wa Pran. Usiku wa pili Shor, na hapo nawaomba spika nzuri mbili na jenereta iwekwe mbali, nyuma ya ukuta wa madrasa, la sivyo mwisho wake hautasikika na kazi yote ya bwana yule itakuwa bure. Roti Kapda Aur Makaan ifuate. Kranti iwe usiku wa mwisho, wa Jumamosi. Ni ndefu, kwa hiyo tangazeni mapema watu waje wameshakula, na mwenye kuuza kahawa awekwe mlangoni, asipite katikati ya skrini.