Makabidhiano ya zamu wodi ya vichanga, na kompyuta inaingia wapi

Makabidhiano ya mgonjwa ni pale nesi au daktari anamaliza zamu anamwachia mwenzake wagonjwa pamoja na yote anayoyajua juu yao, yaani nani kabadilika usiku, nani katolewa damu majibu bado hayajarudi, nani dawa yake ni saa nne. Wengi tunaita kupeana ripoti. Yapo pia mtoto anapotoka leba kwenda wodi ya vichanga, au akipewa rufaa.

Kwa vichanga hii kitu ni nzito sana maana mgonjwa hawezi kujisemea. Mtu mzima ukimletea sindano mara ya pili atakwambia sista mbona nimeshachomwa, ila mtoto wa siku tatu atachomwa tu, na mama yake mara nyingi bado yuko wodi ya wazazi na kidonda cha operesheni. Halafu dozi zinapigwa kwa uzito. Chukua jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, mtoto njiti wa gramu 1,200, mtu kachoka akaandika 2,100 kwenye daftari la ripoti, zamu inayofuata wakipiga hesabu kwa hiyo 2,100 dozi inakaribia mara mbili, na hiyo dawa ikizidi inaumiza figo na masikio ya mtoto.

Sasa watu wengi wakisikia teknolojia hapa wanadhani ni kuchapa ripoti kwenye kompyuta badala ya kuandika. Hapana, ukichapa upya kwa mkono na makosa ni yale yale. Faida inakuja pale ukurasa wa makabidhiano unapojijaza wenyewe kutoka kwenye faili la mtoto lililomo kwenye kompyuta: uzito wa leo, umri kwa siku, dawa na saa ya dozi ya mwisho, bilirubini (kipimo cha manjano), maziwa mililita ngapi kila baada ya masaa matatu. Anayekabidhi anaongezea tu kile mashine haikijui, mfano "usiku kaacha kupumua mara mbili, nikimsugua mgongo anarudi, ikitokea tena muite daktari haraka". Hospitali ya watoto ya Lucile Packard kule California waliunganisha hivyo ICU yao ya vichanga (wodi ya mahututi), utafiti ukatoka 2011, na wahudumu wakasema wameridhika zaidi na wanaona taarifa ziko sahihi zaidi.

Kingine ni majina, na hili naliona linapuuzwa mno. Kichanga hana jina bado kwa hiyo anaandikwa mtoto wa Neema, na wodini wakiwepo kina Neema watatu, mmoja wao ana mapacha, hapo majibu ya maabara yanaenda kwa nani? Hospitali ya Montefiore ya New York walikuwa wanamwandika kila mtoto wa kike Babygirl na jina la ukoo, wakabadilisha mfumo uingize na jina la mama, ikawa Wendysgirl Jackson, yaani binti wa Wendy, na kwenye matokeo ya 2015 oda (maagizo ya dawa na vipimo kwenye kompyuta) zilizowekwa kwa mtoto asiyehusika zilipungua kwa asilimia 36. Hapo hakuna mashine mpya iliyonunuliwa!

Ila kompyuta haichukui nafasi ya kuongea. Kuna utaratibu unaitwa I-PASS, unaanza na mtoto anaumwa kiasi gani, kisha muhtasari, kazi zilizobaki, likitokea hili fanya lile, mwisho anayepokea anarudia alichosikia kwa maneno yake. Ulijaribiwa kwenye hospitali 9 za watoto Marekani na Canada na makosa ya kitabibu yakapungua kwa asilimia 23, matokeo yakatoka 2014. Hicho kipande cha kurudia ndo watu wanakiruka wakishaona kila kitu kiko kwenye skrini, wakati pale kitandani ndo mpokeaji anauliza "huyu uliyesema yuko kwenye oksijeni mbona mrija umetoka?"

Na kwa sababu umeme unakatika, ukurasa uprintiwe kila zamu, juu yake saa na tarehe zionekane kwa herufi kubwa, ya jana iondolewe wodini kabla mtu hajapima dawa kwa uzito wa jana.